Mwiko Uliokataa Kuanguka

Wapendwa, kabla hatujatoka kwenda kwenye chakula tulichoandaa, naomba niwasimulie habari ya chungu kimoja cha togwa. Akina mama mtanisahihisha nikikosea mapishi. Makosa mengine yaliyomo humu ni yetu sote.

Mama mmoja mjane alikuwa na bustani nyuma ya nyumba yake. Haikuwa kubwa, ila ilikaa kwenye mteremko, na udongo wake ulikuwa wa mfinyanzi, ule ambao kiangazi kizima hukauka ukawa mgumu kama tofali. Humo ndimo yalimotoka maharage, viazi, maboga na mboga za majani za watoto wake watatu kwa mwaka mzima. Mume wake alipokuwa hai waliilima wawili, na walikuwa wakimaliza mapema. Sasa alikuwa peke yake, na mtu mmoja mwenye jembe moja hawezi kushindana na mvua za kupandia. Ukichelewa wiki mbili tu, maharage yako yanatoa maua wakati mvua inaaga, na mwaka huo utakula kwa kuomba.

Kijijini kwao watu walilima kwa kualikana. Leo wanalima bustani ya huyu, keshokutwa ya yule, na kila nyumba ilikuwa na siku yake moja tu. Watu ishirini wakija alfajiri na majembe, jua linapofika utosini bustani nzima imekuwa matuta. Hawaombi chochote isipokuwa togwa, kile kinywaji cha uji uliolegezwa kwa kimea. Katikati ya kazi wanaketi, wanakunywa, wananyoosha migongo, kisha wanarudi kumalizia. Na kama hakuna togwa? Hawagombi na mtu. Wanapangusa majembe, wanakuaga vizuri, wanakwenda kwa mwingine aliyewaalika. Siku yako imekwisha.

Mama huyu alijua kupika. Unga alitwanga mwenyewe, karanga alisaga mwenyewe kwa jiwe, na togwa yake watu walikuwa wakiisifu. Kwa ajili ya siku hiyo alichukua ulezi wote uliobaki kwenye kibuyu, akauloweka, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukachipua vimizizi vyeupe kama nyuzi. Hicho ndicho kimea. Kilichobaki ni kukianika juani siku mbili tatu, kisha kukisaga. Lakini siku ya kwanza mawingu yalitanda, ya pili yakatanda zaidi, na ya tatu ikanyesha tangu asubuhi. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kulimiwa.

Alifanyaje? Alikitia kimea kwenye kikaango, akakikausha kwa moto.

Nawaona akina mama mnatikisa vichwa. Mnajua. Kimea kilichokaushwa kwa moto kinanukia vizuri, kina rangi nzuri, na ukikisaga unapata unga laini kabisa. Lakini kimekufa, hakiwezi tena kuulegeza uji. Yeye pia alijua, maana mama yake alimfundisha tangu akiwa mdogo. Ila mtu akishabanwa huanza kujidanganya. Alijiambia kwamba moto wake ni mdogo, kwamba anageuza upesi upesi, kwamba mara hii moja tu kitakubali.

Na kumbe palikuwa na nyumba moja isiyokosa kimea. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikaa ng'ambo ya kijito, na kila mwaka alichipusha ulezi mapema, jua likiwa bado kali. Kutoka mlango huu hadi mlango ule ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja. Sasa kwa nini asiende?

Siku ya matanga, mbele ya waombolezaji, wifi huyo alikuwa amesema kwamba kaka yake angepelekwa hospitali mapema, leo angekuwa hai. Mjane alisikia. Alikuwa amekesha na mgonjwa wake siku saba, akimfuta jasho na kumlisha uji kwa kijiko. Alilichukua neno lile akaliweka ndani, na tangu hapo, karibu miaka miwili, wawili hao hawakusemeshana zaidi ya salamu ya mlangoni mwa kanisa. Kila mmoja alikuwa na benchi lake, na katikati waliketi watu wasio na habari.

Basi jioni ile, kikaango kikiwa bado cha moto, mama alipiga magoti jikoni akaomba. Alimwambia Mungu kwamba hana mtu, kwamba watoto wake wanaiangalia bustani ile, kwamba aisaidie togwa yake. Aliomba kwa machozi kabisa. Na alipofumbua macho, moshi wa jiko la wifi ulikuwa unapanda kati ya migomba, ng'ambo ya kijito. Aliutazama, akarudi kugeuza kimea chake.

Kulipokucha alipika uji mzito wa mahindi, akaufunika kwa magunia ili upoe polepole. Kimea hakitaki uji unaochemka, kwa sababu moto unakiua. Wala hakitaki uji uliopoa kabisa, kwa sababu hapo hakina la kufanya. Kinataka joto la mtoto aliyelala. Uji ulipofika kwenye joto hilo, akatia unga wa kimea, akakoroga, akausimamisha mwiko katikati ya chungu. Togwa inayokubali haimwachi mtu na wasiwasi. Uji unalegea ukiutazama, na mwiko unaanza kuinama wenyewe taratibu mpaka unaegemea ukingo.

Alingoja. Nje majembe yalikuwa yameanza, watu wanataniana, mwanamke mmoja ameanzisha wimbo. Mwiko ulisimama wima kama nguzo ya nyumba. Akakoroga tena, akangoja tena. Akaufunika, akajishughulisha kuosha vikombe, akarudi kuufunua. Mwishowe akamwagia sukari yote iliyokuwamo ndani, vijiko vinne vya chai ya watoto. Uji ukawa mtamu kidogo upande mmoja. Mwiko haukuinama.

Jua likapanda. Mzee mmoja jirani, mcheshi anayejulikana, akaja mlangoni na kikombe kuonja kwa niaba ya wenzake. Akachungulia chunguni.

"Mama, togwa ya leo tunakunywa au tunatafuna?"

"Bado kidogo, baba."

"Haya. Nimebaki na meno matatu, ndiyo maana nauliza mapema."

Alicheka, na yeye mama akajilazimisha kucheka. Lakini mzee alipogeuka, mama alimwona akilitazama jua, kisha akiitazama njia iendayo kwa jirani mwingine. Nusu ya chini ya bustani ilikuwa bado ngumu, haijaguswa.

Sasa mnisikilize vizuri, maana wifi naye alikuwa miongoni mwa walimaji. Kwao ukialikwa kulima unakwenda, hata kwa mtu msiyepatana naye. Alikuwa amelima tangu alfajiri bila kusema mengi, khanga imefungwa kiunoni, miguu imejaa tope. Akaja jikoni kuomba maji ya kunywa. Akanywa. Akauona mwiko. Akasimama pale pale mlangoni, asiondoke.

Na hakuweza kuingia. Katika kijiji kile mwanamke hagusi chungu cha mwenzake mpaka mwenye chungu amkabidhi mwiko. Ukigusa kabla hujakabidhiwa, umemtangaza mwenzako kwamba hajui kupika, na hilo halisahauliki upesi. Kwa hiyo walisimama wawili hao, hatua nne kati yao, mmoja ameshika kikombe kitupu na mwingine ameushika mwiko kwa nguvu kana kwamba kuna anayetaka kumnyang'anya.

Mnadhani mama yule alikuwa anafikiria togwa? Hapana. Alikuwa anafikiria neno la matangani. Alijua kwamba akiutoa mwiko ule mkononi mwake, itambidi aliachie na neno lile. Na alikuwa amelishika kwa muda mrefu, mpaka limekuwa kitu chake.

Nje mtu alisikika akipangusa jembe kwa jani.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "kimea changu nilikikausha motoni."

Akaunyoosha mwiko.

Wifi hakucheka, wala hakumpa pole. Aliweka kikombe chini, akaupokea mwiko kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akagusa ubavu wa chungu kwa nyuma ya kiganja, joto lilikuwa bado lipo. Kisha akatoka mlangoni akawapazia sauti wenzake kwamba wamalizie kwanza matuta ya chini, togwa inapumzika. Mzee akajibu kutoka bondeni kwamba hiyo togwa imepumzika kuliko wao, na watu wakacheka, na majembe yakaanza tena.

Aliporudi ndani alishika pindo la khanga yake, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na unga wa kimea, mwekundu, wa jua, viganja viwili hivi. Akautia wote. Akakoroga kwa mkono uliozoea, akausimamisha mwiko katikati, na wote wawili wakautazama kama watu wanaongoja habari kutoka kwa daktari.

Mwiko ukatikisika. Ukainama kidogo. Ukaegemea ukingo, taratibu, kama mzee anayeketi.

Mama alijifunika uso kwa mikono. Kisha akauliza, "Ulijuaje kwamba kimea changu kimeharibika?"

"Sikujua." Wifi alikuwa bado anautazama mwiko. "Hata mwaka jana nilikuja nacho. Kilikuwa cha kukuomba radhi kwa yale niliyosema. Nilishinda nacho kiunoni kutwa nzima, jioni nikarudi nacho nyumbani."

"Mwaka mzima, wifi? Mbona hukusema?"

"Mwiko ulikuwa mkononi mwako."

Wapendwa, bustani ile ililimwa ikaisha, na mzee akanywa vikombe vitano. Lakini mimi nikifika kwenye jibu lile huwa siwezi kuendelea upesi. Mwiko ulikuwa mkononi mwa mwenye chungu, ni kweli. Je, mdomo ulikuwa mkononi mwa nani?

Sisi humu ndani tumegawanyika hivyo hivyo. Kuna tunaoushika mwiko. Tumekosewa kweli, hatukuota, tulisemwa mbele za watu siku tuliyokuwa tumeumia. Tunapiga magoti jioni tunamwomba Mungu atume msaada, na msaada ameshautuma, unafuka moshi ng'ambo ya kijito, ila umekuja kwa mkono wa mtu tusiyemtaka. Tungependa Mungu atumie mtu mwingine. Mama yule alisubiri kimea kishuke kutoka mbinguni, na kilikuwa kinatembea bustanini mwake kwa miguu yenye tope.

Na kuna sisi wa upande wa pili, ambao huwa tunajiona wema. Tumeshajuta. Radhi tumeiandaa, tumeifunga vizuri kwenye pindo, tunakuja nayo kila Jumapili. Tunasema tunangoja mwenzetu aonyeshe dalili. Tunangoja atupe mwiko. Nani alikosa, na nani amwendee nani? Aliyelitoa lile neno ni wewe. Desturi ya jikoni inakuzuia kugusa chungu cha mwenzako. Haikuzuii kusema, "Dada, nilikukosea."

Wale wawili walibahatika, uji ulikuwa bado na joto. Wangechelewa saa mbili zaidi, kimea kile kizuri cha jua kisingefanya kitu, wangekitia, wangekikoroga, na mwiko ungesimama. Mnawajua watu waliofika na kimea chao kizuri makaburini. Mimi nawajua. Walilia sana, na waliyemlilia hakusikia.

Chakula kiko tayari pale nje, na mabenchi yamepangwa. Leo nawaomba msikae mlivyozoea. Wewe mwenye mwiko, umeuona mlango aliposimama mwenzako. Na wewe mwenye fundo kwenye khanga, lifungue kabla ya kuketi. Togwa ipo ya kutosha, na bado ina joto.