Chazo na Mshika Kamba

Palikuwa na mtu aliyeachiwa na baba yake vitu viwili: samaki na mdogo wake. Mtu huyo aliitwa Famau, mdogo wake Lali, na kazi ya nyumba yao ilikuwa kumwinda ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake lilikuwa na wanunuzi zamani, kabla serikali haijakataza. Hawakumwinda kwa wavu wala kwa chusa. Walimwinda kwa huyo samaki.

Samaki mwenyewe ni chazo. Kwa ambaye hajapata kumwona nitaeleza alivyo, maana mfano huu wote umo kichwani mwake. Ni mwembamba, mweusi, urefu wake kama mkono wa mtu. Juu ya utosi Mwenyezi Mungu amempa kitu bapa mfano wa soli ya kiatu, na ndani ya soli hiyo mna vibao vidogo vimepangwa kwa kulaliana, kama vile vibao vya madirisha ya zamani, na kila kibao kina miiba midogo inayoelekea nyuma. Ukingo wake ni nyama laini kama mdomo. Akigusa kitu kwa utosi, ule mdomo unaziba, vile vibao vinasimama, basi ameshika. Na hapo ndipo penye ajabu. Ukimvuta kwa nyuma, kwa mkia, vibao vinazidi kusimama na miiba inazidi kuuma. Kadiri unavyovuta ndivyo anavyoshika. Si ukaidi wake. Hata akitaka kuachia hawezi, kwa kuwa nguvu inayomgandisha pale si yake tena, ni ya yule anayevuta. Lakini ukimfikia ulipo ubavu wake, ukaweka kiganja nyuma yake, ukamsukuma kidogo mbele, kulekule alikong'ang'ania, vibao vinalala vyenyewe, maji yanapenya chini ya ule mdomo, naye anakuja mkononi mwako kama mtoto aliyesinzia.

Baba yao aliwafundisha hivyo wote wawili, akiwashika mikono na kuwaonyesha kwenye tumbo la mtumbwi, maana chazo akikosa kasa hujibandika hata kwenye mbao. Samaki wao alikaa katika kidimbwi cha mawe ufukweni, maji yakipwa yakijaa. Alifungwa kamba pale mkia unapokuwa mwembamba, karibu na pezi, na chini ya kamba mama yao alizungusha kipande cha kanga kuukuu ili isimkate. Walimlisha kwa mkono. Alikuwa akiwajua.

Wakifika kwenye miamba na kumwona ng'amba, walimwachia chazo, naye akaenda akajibandika mgongoni mwa kasa. Kuvuta, hawakuvuta. Walilegeza kamba wakamfuata. Ng'amba ana mapafu kama mimi na wewe. Atazama, atayapiga maji kwa mapezi yake ya mbele kama ndege arukaye, lakini mwisho wake lazima apande juu kuvuta pumzi, na kila akipanda amechoka zaidi. Akishachoka, mtu mmoja hushuka majini akamfunga ng'amba pezi, kisha akamsukuma chazo mbele ili amwachie. Na desturi ya kwao ni kwamba mkubwa hushika kamba, mdogo hushuka. Mkubwa hashuki. Kwa hiyo Famau alikaa nyuma ya mtumbwi na kilemba chake kichwani, na Lali ndiye aliyelowa. Watu hawakumbuki ni lini walimwona Famau na nguo mbichi.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mke wa Lali alipofariki kwa uzazi, yeye na kitoto chake. Watu walikuja matangani, wakasoma, wakala, wakarudi makwao. Lali akabaki na nyumba. Alasiri moja alivuka mkono wa bahari akaenda ng'ambo kwa mgema, kutuliza moyo hiyo alasiri tu, na alasiri ile haikwisha.

Famau alikuwa mwadhini, mtu wa safu ya mbele, na jambo lile lilimuuma kweli. Sisemi hakumpenda mdogo wake. Alimpenda, na kwa kumpenda akamvuta. Alimpelekea maneno kwa kila aliyevuka. Alimsema barazani mbele ya wazee. Alitoa kitanda cha Lali nje ya nyumba ya baba yao akakiacha mvuani, watu wakaona. Na kila alipovuta, Lali alishika zaidi. Mwanzoni alikuwa akirudi kulala nyumbani, akaacha kurudi. Mwanzoni alikunywa akiona haya, akaacha haya. Siku moja aliyetumwa alirudi na jibu: "Mwambie kaka nimemsikia. Huku hata kuku wa mgema wamemsikia." Watu wa barazani wakacheka, na Famau akaapa hatamtamka tena.

Kisha mama yao, Bi Mwanamkuu, akashikwa na maradhi. Miguu ikavimba, akawa wa kitandani. Alitaka kitu kimoja tu, amwone Lali macho yake yakiwa bado yanaona. Hakuuliza habari za dawa wala za chakula, aliuliza habari za Lali. Famau akamjibu, "Nimemwita, mama. Hataki."

Nyumba lazima ilishwe, na mgonjwa lazima apate uji. Famau akaingia baharini peke yake na chazo wake. Akamkuta ng'amba mkubwa, wa zile rangi zinazong'aa, na chazo akaenda akamshika. Ng'amba badala ya kukimbilia kilindini akajiingiza chini ya mwamba, akajikaza pale. Maji hayakuwa mengi. Kwa juu ungeweza kuyahesabu madoa ya gamba lake. Ilikuwa kazi ya mtu kuvua nguo, kushuka, kufunga, kumsukuma samaki mbele, basi. Lakini palikuwa na mitumbwi mingine karibu, na waliokuwamo walijua kwamba leo mkubwa hana mdogo.

"Shuka, mwadhini!" mmoja akapaza sauti. "Maji hayang'ati!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "kilemba kikilowa nani atatuadhinia?"

Wakacheka cheko la baharini, lisilo na ubaya mwingi. Famau hakuwatazama. Aliegemeza mguu kwenye ubavu wa mtumbwi, akaizungusha kamba mkononi, akavuta. Chini kule vibao vikasimama. Akavuta tena, vikasimama zaidi. Kamba ikapita ile kanga ya mama yake, ikafika kwenye ngozi. Alijua. Hakuna lililofanyika siku ile ambalo Famau hakulijua, maana alishikwa mkono na baba yake akafundishwa. Akavuta kwa mwili wote, na mara kamba ikawa nyepesi, akaanguka chali ndani ya mtumbwi. Alipoipandisha, mwisho wa kamba palikuwa na mkia, na kitambaa cha kanga bado kimeuzunguka. Ng'amba akatoka mwambani, akapanda kuvuta pumzi hatua chache kutoka alipokuwa, akazama. Mgongoni mwake nusu ya chazo ilikuwa imeshika vilevile. Hakuachia. Angeachiaje?

Famau alirudi nyumbani na mkia ule katika kikapu. Hakujua autupe wapi. Mama yake akaomba kuona kilichomo, na alipokiona kitambaa cha kanga yake alikishika kwa muda mrefu. Kisha akauliza neno moja.

"Ulishuka?"

"Mama," Famau akasema, "unajua kwetu mkubwa hashuki."

Mama akakirudisha kitambaa kikapuni. Halafu akasema, "Haya. Basi nenda kamlete mwenzake aliye ng'ambo."

Famau akakivunja kiapo chake, na hilo tumhesabie. Akavaa kanzu safi, akavuka. Maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi ukagusa tope hapo mbele ya banda la mgema, mahali ambapo mtu akishuka maji yanamfika kifundo cha mguu. Famau akasimama mtumbwini akaita. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya kuamsha watu, na siku ile aliitumia yote. Alisema mama anakufa. Alisema yaliyopita yamepita, kitanda kimerudishwa ndani, hakuna atakayemuuliza kitu. Naamini alimaanisha kila neno.

Lali akatokea mlangoni, mkono mmoja ameshika nguzo. Alikuwa amekonda hata ungeweza kumwona mifupa ya mabega ikitembea chini ya ngozi. Wanywaji nyuma yake wakageuka kutazama.

"Shuka, kaka," akasema. "Shuka unishike. Miguu hainibebi."

Famau akalitazama tope. Akawatazama wanywaji, ambao kesho wangesema mwadhini aliingia kwa mgema. Akaitazama kanzu yake.

"Njoo wewe," akasema. "Mimi nimevuka bahari mpaka hapa. Hapo palipobaki ni pako."

Lali alimtazama kaka yake kwa namna ambayo hata wanywaji waliinamisha vichwa, kisha akauleta mkono wa pili, akaishika nguzo kwa mikono yote miwili. Famau akangoja. Akaita tena, kwa ukali, kisha kwa upole, kisha kwa ukali. Maji yakaanza kujaa, mtumbwi ukaelea, akaugeuza.

Aliporudi mama yake hakumuuliza. Alinyoosha mkono kutoka kitandani akaushika upindo wa kanzu ya mwanawe, akauminya kwa vidole viwili kama mwanamke anayepima nguo iliyoanikwa. Ulikuwa mkavu. Akauachia, akageukia ukutani, na hakusema na mtu tena mpaka roho ilipomtoka.

Kwetu mama akizikwa, watoto wake wa kiume ndio hushuka kaburini kumpokea. Siku hiyo Famau alishuka. Alivua kilemba akampa mtu, akaingia mpaka chini, udongo mbichi ukamshika kanzu mpaka kifuani, akainua mikono kumpokea mama upande wa kichwa. Upande wa miguu, palipokuwa pa Lali, alishuka jirani. Walipokwisha kumlaza, jirani akapanda. Famau wakamwita apande, akakawia. Wakamwita tena. Alikuwa amesimama mle ndani, kiganja chake kimegusa sanda nyuma ya bega la mama yake, kama mtu anayetaka kusukuma kidogo.

Ndugu zangu, sina elimu ya kuwachambulia zaidi ya hapa, wala msinidhanie mimi ni mtu wa kushuka majini. Viganja vyangu navyo vina alama ya kamba. Kila mmoja wetu ana mtu wake ng'ambo, ameshika kisichomfaa, na kila mmoja wetu amemvuta akasema, nimefanya langu, hataki. Nawe uliyeishika kamba leo, mkavu, juu ya mtumbwi wako: unangoja ushukie wapi?