Viatu vya Namsifu

Hebu fumbeni macho kidogo mumwone msichana wa darasa la saba. Amesimama mbele ya ukuta wa shule, sare yake safi, soksi amezivuta juu, viatu vyake vyeusi vinang'aa. Mmemwona? Mwacheni asimame hapo hapo, tutamrudia.

Hapo zamani, si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshapanda mpaka milimani Upare, paliishi Bibi Nakiete na wajukuu wake watatu. Namsifu alikuwa mkubwa, wawili wadogo walikuwa darasa la kwanza. Bibi alilima tangawizi. Msimu mzima aliteremka nayo kichwani hadi sokoni, akapanda mlima, akateremka tena, mpaka akapata viatu vile.

"Haya, mama," alimwambia Namsifu alipomvisha. "Na wewe sasa utembee kama watu." Kisha akakaa chini, kwa kuwa magoti yalikuwa yamechoka.

Shuleni alikuwako Mwalimu Kajiru. Alifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, akiacha huku watoto wananakili, anakwenda kule kusahihisha. Naye alikuwa amechoka.

Na ng'ambo, kwenye baridi, alikuwako Naetwe, aliyesoma shule hiyo hiyo zamani. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee wa watu. Siku ya mapumziko hakupumzika. Alikaanga sambusa na wenzake wa kikundi, wakaziuza, na walichopata kikaenda kununua unga wa uji wa watoto wa shule ile. Lakini wenzake wakaanza kupungua. Huyu ana mgonjwa, huyu ana kodi ya nyumba, huyu hapokei simu. Uji ukakatika. Watoto wakawa wanasinzia juu ya madaftari.

Naetwe akawaonyesha wenzake video ya watoto wakiruka kamba na kucheka. Wakaitazama mpaka mwisho. "Mbona hawa wako sawa tu?" wakasema, wakarudisha simu mfukoni.

Akampigia mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Watu wangu wamelegea. Nirekodie nyingine, lakini hii iguse moyo."

"Marahaba, mwanangu. Iguse moyo vipi?"

"Wewe ndiye unayewajua watoto. Utaona mwenyewe."

Mwalimu akamchagua Namsifu, kwa sababu alijua kujieleza. Akamsimamisha ukutani. Akainua simu, akaishusha.

"Umependeza mno, mjukuu wangu," akasema, kama mtu anayetoa habari mbaya. "Hebu vua viatu kidogo."

Namsifu akageuka kumtazama bibi yake, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuuliza kama uji utarudi. Bibi akatazama pembeni. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Vua tu, mama. Ni mara moja."

Namsifu akavua viatu na soksi, akasimama miguu peku vumbini, akasema maneno yake vizuri.

Uji ukarudi. Safari hii ulirudi na sukari. Lakini video nayo ikarudi, simu hadi simu, mpaka ikawafikia watoto wa shule.

"Hujambo, Peku?" wakamwambia, vikombe vya uji mkononi. "Vua tena basi, tuletewe na mpira."

Kesho yake Namsifu hakwenda shule. Wala keshokutwa. Na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Bibi akambembeleza.

"Bibi, kila aliyeiona video anaamini hukunivisha," alisema Namsifu. "Na ulinivisha. Nitarudi siku atakayokuja aliyenivua viatu, asimame mbele ya wenzangu aseme kwamba viatu nilikuwa navyo."

Bibi akaenda kwa mwalimu. Wakampigia Naetwe, wakaiweka simu mezani kati yao.

"Mimi nilitumwa," alisema mwalimu. "Wewe ulitaka moyo uguswe. Na mtoto asingevua kama bibi yake angekataa."

"Viatu sikuvitaja, mwalimu," alisema Naetwe. "Nilionyesha watoto wanaocheka, hakuna aliyetoa. Nilipoonyesha nyayo, wote wakatoa. Hao ndio wa kuulizwa."

"Basi waje hao," alisema bibi.

"Watakujaje, bibi? Hata mimi nauli sina."

Bibi akaisogelea simu. "Viatu nilinunua mimi," alisema. "Nilikuwa na mmoja mwenye viatu na wawili wenye njaa. Mlitaka nichague nini?"

"Basi, yeyote kati yetu anaweza kusema," alisema mwalimu. "Lakini tukisema mbele ya shule nzima, maneno yatafika kwa waliotoa. Watasema tuliwadanganya. Uji utakatika."

Hakuna aliyegombana na mwenzake. Nguvu za kugombana hawakuwa nazo. Nje kengele ya uji ikalia, wale wadogo wawili wakapita wanakimbia.

Na Namsifu yuko nyumbani. Kila asubuhi anavifuta viatu vile vumbi, kisha anavirudisha chini ya kitanda.

Je, wenzangu, ni nani aliyemvua viatu? Ni aliyeomba, aliyeamuru, aliyeitikia, au waliotoa walipoona nyayo? Na ni nani aende akasimame mbele ya watoto?

Bishaneni polepole, kila mmoja ampe mwenzake nafasi. Nami nawaomba, katika kubishana kwenu, mkumbuke jambo moja tu. Viatu alikuwa navyo.