Chumba cha Sare

Mwanamke mmoja wa Tukuyu alikuwa na nyumba ya sebule na vyumba viwili. Katika chumba kimoja alilala yeye. Katika chumba cha pili zililala nguo zake.

Jina lake lilikuwa Tupokigwe, na watu walilifupisha wakamwita Tupo. Alikuwa mjane. Watoto wake walikwishakua wakaenda zao, na yeye aliuza unga na mchele katika kibanda chake sokoni. Watu walimpenda. Hapakuwa na harusi, ubatizo wala sherehe ya kumuaga binti iliyopita bila yeye kuitwa, na mnajua desturi yetu ilivyo siku hizi: anayeitwa huvaa sare. Kamati huchagua kitambaa, wanawake wote hukinunua, kila mmoja humpelekea fundi wake, na siku ikifika hutokea wote wamefanana kama watoto wa shule. Inapendeza kuwatazama.

Ila sare ina siku moja tu. Ukiivaa tena mahali pengine, hakosekani mtu wa kukuangalia kutoka miguuni hadi kichwani na kuuliza, "Hiyo si ile ya harusi ya Atupele?" Basi unaifua, unaipiga pasi, unaitundika. Kuigawa nako ni shida, maana mwenye sherehe akiiona kwa mtu mwingine atasema umemdharau. Hivyo ndivyo Tupo alivyofikisha sare arobaini na tatu, zimejaa kwenye kamba na misumari na juu ya kitanda ambacho hakikuwa na mtu.

Na kila asubuhi aliamka akavaa dera lile lile lililopauka na sweta lililotoboka kiwiko, akaenda sokoni. Msimcheke. Kila nguo katika chumba kile ilikuwa na sababu nzuri ya kuwepo. Ukiziuliza moja moja, usingepata hata moja ya kutoa.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi, mama yake aliteleza uani kule kijijini mlimani akavunjika nyonga. Alilala pale kwenye tope tangu asubuhi mpaka jirani alipopita alasiri. Alitibiwa, akatoka hospitali akiwa anatembea kwa magongo, na mdogo wake Tupo, aliyeitwa Ambokile, akapiga simu.

"Dada, mama hawezi tena kukaa peke yake kule juu. Mimi kwangu ni ngazi mpaka mlangoni. Wewe una chumba."

"Ninacho," alijibu Tupo. "Mlete."

Alisema kweli, na alisema kwa moyo wake wote. Kisha akafungua mlango wa kile chumba, akasimama. Aliwaza kuzitia nguo kwenye magunia, lakini Tukuyu ina unyevu, na nguo ndani ya gunia hushika ukungu kabla wiki haijaisha. Aliwaza kuzihamishia chumbani kwake, hazikuenea. Akaufunga mlango. Mama alipofika alikuta kitanda kimetandikwa vizuri sebuleni, karibu na mlango wa nje.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema Tupo. "Mpaka nijipange."

"Panatosha, mwanangu. Hapa nitawaona na wanaopita."

Yule mama alikuja na begi moja. Lilikuwa na magauni mawili, vitenge vinne na sweta. Alivitoa, akatafuta msumari wa kutundikia, hakuona, akavikunja tena akavirudisha begini. Ndani ya begi lile aliishi miezi miwili. Wageni wakija walikaa ukingoni mwa kitanda chake. Kamati za harusi zilikutana pale pale, naye alijikaza akakaa wima, akajifanya hajachoka. Upepo uliingia chini ya mlango. Hakulalamika hata siku moja, na Tupo alichukua ukimya wake kuwa ni kuridhika, kama sote tunavyofanya tunapotaka kuamini jambo linalotufaa.

Mwezi wa sita ukaja na baridi yake. Jumatatu moja mama alitakiwa kurudi hospitali akaangaliwe mguu. Sweta lake lilikuwa limefuliwa na halijakauka, na nje kulikuwa na ukungu na manyunyu.

"Nitafutie kitu cha kujifunika, mwanangu," alisema. "Chochote tu."

Tupo akaingia chumba cha nguo. Alipekua kamba ya kwanza, akapekua ya pili. Aliona mabega yaliyosimama kama mapembe, migongo iliyoachwa wazi, mikono ya wavu, magoti yaliyobanwa ili mwenye nguo atembee kwa madaha kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Kila nguo ilikuwa imeshonwa kwa mwili mmoja na kwa siku moja. Hakuna iliyoweza kuzunguka mabega ya mwanamke mzee. Alitafuta mpaka mwisho, akatoka mikono mitupu.

"Katika zote zile?" aliuliza mama. Hakuwa anamsuta. Alishangaa kweli.

Akavuta blanketi kitandani, akajifunga, akachukua magongo yake. Akapita barabara kuu ya Tukuyu amevaa blanketi, pembeni yake binti yake ambaye mji mzima ulimjua kwa kupendeza.

Alasiri ya siku ile Tupo alikuwa jikoni akamsikia mama akiongea na Ambokile kwenye simu. "Hapana, hajanikosea. Ananilisha, ananiogesha, hana neno. Ila nimembana, hana nafasi. Njoo Jumapili unirudishe kwangu."

Tupo akatoka na mwiko mkononi. "Mama, urudi kule? Ukianguka tena nani atakusikia?"

"Mwanangu, nimengoja ujipange. Usijilaumu. Wengine walinitangulia chumbani."

Kesho yake Tupo alikwenda kwa Gwantwa, fundi aliyemshonea sare zake tangu ya kwanza. Alibeba mbili begani na nyingine ndani ya gunia. Mezani kwa fundi kulikuwa na kitambaa chake cha harusi ya Jumamosi, cha buluu na manjano, hakijakatwa.

"Umekuja kupimwa," alisema Gwantwa. "Umenenepa au umekonda? Sema ukweli mapema, mkasi hausikii uongo."

"Sikuja kwa hiyo. Nataka unifumulie hizi, unishonee kitu cha kuvaa."

"Cha kuvaa wapi?"

"Cha kuvaa tu."

Gwantwa akacheka mpaka jirani yake muuza vitunguu akageuka kutazama. "Wewe? Wewe mwenye nguo kuliko duka?" Lakini alizichukua, akazigeuza ndani nje, akazipima mishono kwa kidole gumba. Akazipanga moja juu ya moja na kicheko kikaisha.

"Tupo," alisema, "hizi zote nilizishona kwa siku ya mtu mwingine. Hebu nisimulie siku yako wewe inavyokwenda, nikushonee hiyo."

Tupo hakuwahi kuulizwa swali la namna ile. Akaanza polepole. Naamka, nawasha mkaa, nachemsha maji. Namwogesha mama, namshika mpaka kwenye kiti, nampa uji. Nakwenda sokoni, nainua magunia, nainama kupima mchele. Mchana nakimbia nyumbani kumpa mama chakula, narudi. Jioni nakwenda mazoezi ya kwaya au jumuiya. Nikitoka huko namkanda mama mguu.

"Huyo mama mbona yumo siku nzima," alisema Gwantwa, uzi ukiwa katikati ya meno, "na chumba hana?"

Alikuwa anajua. Soko zima lilikuwa linajua. Tupo akainua gunia lake, akamwomba amfuate.

Wakaenda pamoja nyumbani, wakazitoa zote nje ya chumba. Gwantwa alikuwa na kanuni zake. Nguo iliyokataa kupatana na nyingine tatu aliiweka kando, hata kama ilimeremeta. Nguo ambayo mtu hawezi kuinama nayo, kando. Zile alizoziachia kitambaa cha akiba kwenye mishono zilikuwa tisa, na kati ya hizo tano zilikuwa za rangi zinazosikilizana: kahawia, buluu ya kuiva, nyeupe yenye maua madogo. Hizo alizikunja akasema atazifumua taratibu, wiki kwa wiki. Zitatoka sketi mbili pana, blauzi tatu, na gauni moja la kanisani, na blauzi yoyote itakubali sketi yoyote. "Ukijua kuchanganya," alisema, "hakuna atakayegundua kwamba zote ni sita." Nyingine thelathini na nane zilichukuliwa na mabinti wa darasa moja la ushonaji pale mjini, ambao kila siku walihangaika kupata vitambaa vya kujifunzia kukata.

Zilivyokuwa zinatoka mlangoni, Tupo alishika moja moja kwa ncha za vidole. Alikumbuka kila sherehe. Mbili alizirudisha ndani, kisha akazitoa tena.

Likabaki jambo moja. "Na hicho kitambaa cha Jumamosi?" aliuliza fundi. "Nikishakikata nimekikata. Kitakuwa gauni lako au kitakuwa kitu kingine, hakiwezi kuwa vyote viwili."

Tupo aliitaka sare ile. Ni vizuri mlijue hilo. Alikwisha kujiona amesimama mstari wa mbele kwenye picha, katikati ya rafiki zake.

"Mshonee mama koti," alisema. "Refu, la kufunga mbele. Ndani weka kitambaa cha flana, apate joto."

"Na Jumamosi utavaa nini?"

"Fumua mbili kati ya zile."

Ijumaa alikiosha kile chumba. Alifungua dirisha lililokuwa limefungwa miaka mingi, akagongea misumari ukutani, chini, mahali ambapo mkono wa mtu aliyekaa unafika. Akahamisha kitanda. Mama alimtazama akifanya kazi yote ile. Naye Tupo hakumwomba abaki. Aliona haya kuomba kitu kwa chumba alichokuwa anadaiwa tangu mwanzo.

Jumamosi alikwenda harusini na sketi ya kahawia na blauzi ya buluu. Wenzake walikuwa wamesimama pamoja, wanang'aa.

"Tupo, umetususia?" aliuliza mmoja wao.

"Ningewasusia nisingekuja."

"Sasa sare iko wapi?"

"Anaivaa mama."

Wakatazamana. Mmoja alicheka kidogo, mwingine akasema, "Haya, makubwa." Wakati wa picha, mpiga picha alinyoosha mkono. "Mama wa sketi ya kahawia, wewe subiri picha ya mchanganyiko." Tupo akasogea pembeni. Iliuma, na sitawaambia kwamba haikuuma. Katika albamu ya harusi ile humkuti mstari wa mbele. Lakini alicheza, na mtoto alipoanguka miguuni pake aliinama akamwokota, na hakuna kilichochanika. Tangu siku ile mpaka leo hajatokea mwenye harusi hata mmoja wa kumuuliza, "Sare yangu uliipeleka wapi?"

Jumapili Ambokile alifika na gari la kukodi. Alimkuta mama chumbani, amekaa karibu na dirisha, amevaa koti la buluu na manjano, amelifunga mpaka shingoni.

"Mama, begi liko wapi? Twende kabla mvua haijashika."

Mama akanyoosha gongo, akaonyesha ukutani. Magauni yake mawili yalikuwa yametundikwa, na vitenge vinne, na sweta.

"Begi ni tupu," alisema. "Kaa unywe chai, baba."

"Gari linangoja, mama."

"Lirudi."

Ambokile akamtazama dada yake, na dada yake akageuka haraka kwenda kutafuta vikombe.

Ninyi mnaonisikiliza mnaitwa na wengi, na kuitika ni jambo jema. Nawauliza tu: yule aliyekuja kwako kwa sababu hana pengine pa kwenda, umemlaza wapi?