Ukwaju wa Fundi Shemdoe

Ukwaju usiosuuzwa hula chuma. Jana mlimsikia muuza mitumba akimwambia mumewe maneno hayo, wakati mume alipokuwa akimsema tena mwanawe kwa mtihani ambao kijana amekwisha kuurudia na kufaulu. Mume akanyamaza papo hapo. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ukwaju na chuma vinajuana wapi. Vinajuana. Vilikutana kwenye gereji moja ya Soni, kando ya barabara ya kona inayoteremka kutoka Lushoto hadi Mombo.

Gereji ilikuwa ya fundi wa breki aitwaye Shemdoe. Barabara ile haina mzaha: huku ukuta wa mlima, huku korongo. Na ukungu wa kule hula chuma kama mchwa anavyokula mti. Pini za breki hushika kutu zikaganda, dereva akikanyaga, gurudumu moja hubana na jingine huteleza. Mafundi wengine walipiga msasa juu juu wakafunika kwa grisi, gari likaondoka linang'aa na kurudi linavutwa. Shemdoe hakuwa wa hivyo. Alikuwa na ndoo ya maji ya ukwaju, yaliyotokana na makapi ya mkewe Nakijwa, aliyeuza sharubati mbele ya gereji. Pini ililala humo usiku mmoja. Asubuhi aliisugua kwa brashi ya waya, kisha akaisuuza kwa maji ya magadi yanayoua ukali wa ukwaju, akaikausha, akaipaka grisi. Ikirudi tunduni iliteleza kama ulimi kinywani.

Alifanya kazi na shemeji yake Elirehema, kaka wa Nakijwa, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano. Elirehema alikuwa na sikio. Gari likipita tu barabarani alisema, "La nyuma kushoto limeganda," na likiinuliwa linakutwa limeganda kweli. Shemdoe hakujaliwa sikio hilo, na alilijua hilo.

Siku moja, kwa haraka zake, Elirehema alirudisha pini yenye kutu kwenye pikapu ya Mhina, mchukuzi wa kabichi. Kona ya tatu gurudumu likafuka moshi. Mhina aliliegemeza gari kwenye mlima ndipo likasimama. Hakufa mtu, zilimwagika kabichi. Shemdoe alimkemea shemeji yake mbele ya watu, na kukemewa alistahili. Elirehema hakujitetea. Siku hiyo hiyo alifungua breki zote nne akazisafisha upya, moja baada ya nyingine, hata Mhina akaridhika.

Hapo yangekwisha, lakini Shemdoe hakuyaacha yaishe. Kila mteja aliyefika alisimuliwa. "Mnamwona huyu? Ndiye aliyetaka kumzika Mhina na kabichi zake." Watu wakacheka. Kesho yake tena, na wiki iliyofuata tena. Shemdoe aliamini anamnoa mtu. Lakini Elirehema akaanza kukaza nati moja mara nne, anaifungua, anaikaza tena. Magari yakipita hakuinua kichwa. Shemdoe aliyaona hayo akasema, "Si mnaona? Kaharibika kabisa."

Mwezi ulipotimia Elirehema alifunga spana zake kwenye gunia.

"Shemeji, narudi Same. Nitalima tangawizi."

"Nenda," Shemdoe alisema. "Tangawizi haina breki."

Nakijwa aliyasikia. Akaja kutoka kwenye sharubati zake ameshika kikombe, na ndani ya kikombe kuna pini.

"Baba Tumaini, hebu itie tunduni hii."

Shemdoe akaichukua. Haikuwa na chembe ya kutu, ila ilikuwa imeliwa vishimo vishimo na kukonda kiunoni. Alipoitia tunduni ikacheza, ikagonga huku na huku.

"Nani kaiharibu?"

"Mimi. Niliitoa kwenye kopo lako nikailaza kwenye ukwaju tangu siku ile ya kabichi mpaka leo. Kutu yake ingetoka lini?"

"Siku ya kwanza."

"Basi imekuwaje?"

"Hukuisuuza. Ukwaju ukimaliza kutu hausemi umeshiba, mama. Unaanza chuma."

"Nilidhani nikiiacha zaidi itazidi kuwa safi."

"Nani alikufundisha ujinga huo?"

"Wewe," alisema Nakijwa. "Kaka yangu umemlaza kwenye ukwaju siku ngapi sasa?"

Shemdoe aliigeuza pini kiganjani. Wakati huo Mhina akaingia na pikapu tupu, breki zinalia.

"Fundi, kesho nashusha mzigo. Nani atanifungia? Asiwe yule mzishi wangu." Akacheka, kwa maana ndivyo alivyozoeshwa kucheka pale.

Wateja watatu walikuwa kwenye benchi. Shemdoe alikuwa amemchafua mtu mbele ya watu, na aliona kwamba magadi ya kumsuuza pia yatamwagwa hapo hapo.

"Atafunga yeye," alisema. "Na mimi sikagui."

"Nitakayeteremka ni mimi, fundi."

"Tutateremka wawili. Nitakaa pembeni yako mpaka Mombo."

Elirehema alikuwa bado na gunia begani. "Na nikikosea, shemeji?"

"Ulikosea mara moja, ukarekebisha siku hiyo hiyo. Mimi nimekosea mwezi mzima. Niambie, gari hili limelia wapi?"

 Elirehema akaliweka gunia chini.

"Mbele kulia. Pini ya chini."

Wakafungua. Ilikuwa mbele kulia, pini ya chini. Ikalala kwenye ukwaju, na asubuhi Elirehema akaisugua, akaisuuza kwa magadi, akaikausha, akaipaka grisi. Nati aliikaza mara moja tu.

Shemdoe aliteremka pembeni ya Mhina, kabichi za watu nyuma yao, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kona ya tatu ikapita. Kona ya nne akaiachia dashibodi. Huko Mombo aliyagusa magurudumu yote manne kwa kiganja, yakawa na joto moja. Akanunua magadi sokoni, mengi kuliko gereji ilivyohitaji, akapanda nayo kurudi Soni. Ile pini iliyokonda akaitundika juu ya ndoo, asiisahau.

Kwa hiyo yule baba wa jana hakushindwa maneno. Alikumbushwa kwamba mtihani ulishapita na kijana bado yumo ndooni. Ukwaju usiosuuzwa hula chuma.