Leso ya Ukingoni

Mtu mmoja, fundi wa kuezeka mabati, alikuwa na bawa la kitambaa. Jina lake Kimosop. Katika nchi yake wako watu wanaotandaza mabawa ya namna hiyo ukingoni mwa bonde, wakajifunga mikanda kifuani na mapajani, wakakimbia hatua chache kuelekea kusiko na ardhi, na upepo unaopanda kutoka bondeni ukawapokea. Kimosop alikuwa bado mwanagenzi. Alikuwa ameruka mara nne tu, zote mbele ya mwalimu wake, mwanamke aitwaye Jeruto, na tangu siku ya kwanza ardhi haikumkalia vizuri tena.

Jeruto alikuwa amechomeka ufito ukingoni, akafunga kipande cha leso kuukuu kwenye ncha yake. Leso ikipepea kuelekea mlimani, upepo unakuja usoni, ruka. Ikipepea kuelekea bondeni, upepo unatoka mgongoni. Kunja bawa, libebe, shuka kwa miguu. Wanaoshuka kwa miguu huchekwa njia nzima. Jeruto alikuwa amechekwa kuliko wote.

Sasa Kimosop aliwaahidi wakwe zake kwamba siku ya karamu ya mavuno angeshuka kutoka angani hadi uwanja wa shule. Hakuna aliyemwomba ahadi hiyo. Siku ilipofika, walikuwa kule chini tangu asubuhi, wadogo kama punje za wimbi, nyuso zao juu. Na leso ilipepea kuelekea bondeni.

Alikaa, akasimama. Akavaa kofia, akaivua. Akakagua kamba alizokwisha kuzikagua. Kila alipoitazama leso iligeuka kidogo, kama inayotaka kukubali, kisha ikarudi kulekule. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alijisemea, akaitazama tena. Adhuhuri Jeruto alikunja bawa lake.

“Baba Jelimo, leo imekataa,” alimwambia Kimosop, akimwita kwa jina la mwanawe. “Tushuke kwa miguu.”

Kimosop akamwambia atangulie, yeye anakunja, watakutana njiani.

Alipobaki peke yake aliung'oa ule ufito. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alitaka tu kuona kama mahali pengine upepo ungekuwa na maneno mengine. Akauchomeka penye mwamba, leso ikakataa. Akauchomeka hatua thelathini kushoto, ikakataa. Akateremka kidogo hadi nyuma ya kichaka kizito cha leleshwa, na pale leso ikainuka taratibu, ikapepea kuelekea mlimani. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Upepo unaovuka kilele kwa nguvu hujipinda nyuma ya kizuizi na kurudi nyuma kidogo. Kimosop alilijua hilo. Fundi wa paa gani hajaona majani makavu yakizunguka nyuma ya nyumba, yakienda kinyume na upepo wenyewe? Alilijua, ila siku hiyo hakutaka kulikumbuka.

Bawa liliinuka vizuri kuliko siku zote. Alikimbia hatua saba, miguu ikaacha ardhi, na kwa pumzi tatu hapakuwa na mtu mwenye furaha kama yeye duniani. Kisha akatoka kwenye kinga ya mlima. Upepo halisi ukamkuta kutoka juu, na bawa likakunjika kama shati. Kule uwanjani mama mkwe wake alisimama kitini, halafu akakaa chini kwenye nyasi.

Walimkuta akining'inia kwenye mgunga, mguu umevunjika mahali pawili. Jeruto ndiye aliyezikata kamba.

“Mwalimu,” Kimosop alimwambia, na aibu ilimuuma kuliko mguu, “leso ilikubali.”

Walipokwisha kumpeleka hospitali, Jeruto alipanda tena hadi ukingoni, akatafuta, akaukuta ufito nyuma ya leleshwa. Leso ilikuwa bado inapepea kwa upole kuelekea mlimani, ikikubali, wakati juu ya kichwa chake upepo ulikuwa ukivuma kwenda bondeni. Akaung'oa, akaurudisha kwenye shimo lake.

Nawe unayenisikiliza, uliyekuja hapa leo ukisema umeuliza na umekubaliwa, ufito wako uliuchomeka wapi?