Mtemi Aliyevaa Kanga

Bi Zamoyoni wa Tabora alitunga riwaya za mapenzi ya enzi za watemi, akazichapisha mwenyewe, lakini zilimdodea. Siku moja tajiri Mihambo alimvamia kibandani kwake, kitabu mkononi.

“Vichome vyote, ama tukutane mahakamani! Huyu mtemi aliyetoroka vita kwa kuvaa kanga za mchumba wake ni babu yangu!”

Bi Zamoyoni alishangaa, maana mtemi yule alimbuni kichwani tu.

“Nisamehe, baba, sikujua. Niandikie hayo utie sahihi, niyazingatie katika toleo jipya.”

Mihambo aliandika kwa hasira, akatia sahihi.

Toleo jipya halikubadilika hata neno, ila jalada liliongezwa mstari: “Kisa cha kweli, kwa ushahidi wa mjukuu wake, Bwana Mihambo.”