Kozi wa Uchina na Shimo la Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na shimo.

Na shimoni?

Alikuwamo mwenyewe, na nje alikuwako anayelitaka. Basi kaeni vizuri. Wewe uliyeegemea sufuria, sogea kidogo, tuanze.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaamkiana kila asubuhi, alikuwako Nungunungu, mama wa watoto wawili. Watoto walikuwa wachanga, miiba yao laini kama nywele. Mama yao aliwalaza katika shimo kavu ubavuni mwa kilima, shimo alilorithi kwa marehemu mama yake. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika. Mtoto wa nungunungu akinyeshewa siku mbili, ya tatu hayupo. Mama alilijua hilo, na usingizi ulimpaa.

Maana Ngiri alilitaka shimo.

Ngiri, nyote mnamjua. Hapendi kuchimba, anapenda kuhamia. Akaja mkia juu, akasimama mlangoni.

"Mama Nungunungu, hujambo?"

"Sijambo, bwana."

"Shimo lako limenipendeza. Hama."

"Nihamie wapi na watoto hawa?"

"Sasa hilo ni swali la kuniuliza mimi?"

Kule kwao ugomvi wa shimo uliamuliwa kwa mieleka, siku tatu, kila siku pambano moja. Mwenye shimo akishindwa mara tatu, ametoka. Akishinda hata mara moja, shimo ni lake na hasumbuliwi tena. Mwenye shimo ndiye anayechagua mahali pa kushindania. Mwamuzi alikuwa Kobe, kwa sababu Kobe hana haraka ya kumpenda mtu.

Siku ya kwanza Nungunungu akachagua uwanjani, ambako kila mtu hupigania. Akainamisha kichwa, akamvamia Ngiri uso kwa uso. Ngiri akamtia meno yake yaliyopinda chini ya kidevu, akamrusha. Nungunungu akaanguka, pu!

Kobe akasema, "Moja."

Siku ya pili Nungunungu akasema, jana nilikosa mbio. Akarudi mbali, akachukua mbio, akamvamia uso kwa uso. Ngiri akamtia meno chini ya kidevu, akamrusha. Nungunungu akaanguka, pu!

Kobe akasema, "Mbili."

Mnacheka? Haya, chekeni. Mtu akishapandwa na hasira hupigana na kilicho mbele ya macho yake, na ninyi ni hivyo hivyo. Nimewaona mkigombania foleni ya kisimani.

Jioni ile Nungunungu akaketi chini ya mti mkavu, analia. Kumbikumbi walikuwa wakiruka, na juu ya mti alikuwako ndege akiwadaka mmoja mmoja. Alikuwa Kozi, mdogo wa mwili, miguu myekundu, yule anayekuja na vuli kutoka Uchina, mbali kuliko macho yanakofika.

"Dada," akasema Kozi, "nimekutazama siku mbili. Una nguvu, lakini unazitupa."

"Nifanyeje? Kesho ni ya tatu, na mvua hiyo inakuja."

"Mama yangu alijenga kiota karibu na ua wanakofundishwa watu kupigana. Mwalimu wao alizijua mbinu za majemadari wa kale. Niliwatazama mpaka nikaota manyoya. Ajabu yake, hawakuanza na ngumi. Walianza na maswali. Na si vitani tu. Muuza chai wa mtaa ule alijiuliza maswali hayo hayo kabla ya kufungua duka, na mwashi kabla ya kuweka jiwe. Hata mwenye mke mkali alijiuliza kabla ya kugonga mlango wake."

Nungunungu akacheka na machozi usoni. "Basi niulize."

"La kwanza. Silaha yako iko wapi?"

Nungunungu akafikiri. "Iko mgongoni."

"Na siku mbili umepigana ukitumia nini?"

Nungunungu akajipapasa kidevu.

"La pili. Silaha ya Ngiri iko wapi?"

"Usoni. Mbele ana meno, nyuma ana mkia tu. Ndiyo maana huingia shimoni kinyumenyume, meno yabaki mlangoni kumpokea adui."

"La tatu. Uwanja ule alikuchagulia nani?"

Nungunungu akainua kichwa polepole. Hakuna aliyemchagulia. Alikwenda uwanjani kwa sababu wote huenda uwanjani. Akamshukuru Kozi, akaenda kunyonyesha watoto wake, na usiku ule alilala.

Siku ya tatu wingu limetanda na manyunyu yameanza. Wanyama wakakusanyika. Kobe akauliza, "Mwenye shimo, wapi?"

"Hapa hapa nyumbani kwangu. Mimi nitakuwa ndani. Bwana Ngiri akiweza kuingia na kulala humo, shimo ni lake."

Ngiri akacheka mpaka akapiga chafya. "Kulala tu? Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nungunungu akaingia. Watoto akawaweka chumba cha ndani kabisa. Yeye akakaa penye njia nyembamba, mgongo kuelekea mlangoni, miiba yote imesimama. Akatulia.

Ngiri akageuka, kama baba yake alivyogeuka, kama babu yake alivyogeuka. Akaingia kinyumenyume.

Akasukuma mara ya kwanza, akahisi mwasho. Akasema, mizizi hiyo.

Akasukuma mara ya pili, akahisi moto. Akasema, siwezi kurudi na watu wananitazama.

Akasukuma mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na nguvu zake, wenzangu, zilikuwa nyingi. Akatoka mbio akilia, makalio yamejaa miiba.

Kobe akamsogelea taratibu. "Ngiri, nani kakupiga?"

Ngiri akatazama shimo. Nungunungu hakuwa amesogea hata hatua moja. "Hakuna," akasema. "Nimejisukuma mwenyewe."

"Basi shimo ni la Nungunungu, na maneno yamekwisha."

Fisi akapaza sauti kutoka nyuma. "Mzungukeni! Leo hana ujanja, tummalize."

Wanyama wakaanza kumzunguka Ngiri. Ngiri akainamisha kichwa, meno mbele, macho mekundu. Ndipo Nungunungu akatoka shimoni.

"Mpeni njia," akasema. "Aliyezibiwa njia zote hupigana kama aliyekwisha kufa, na mimi nina watoto hapa." Akamwendea Ngiri, akamng'oa miiba kwa meno yake, mmoja baada ya mmoja, mvua ikiwanyeshea wote wawili. "Nyuma ya kilima kuna shimo la muhanga aliyehama. Ni kavu. Nenda."

Ngiri akashindwa kumtazama. "Ahsante, mama," akasema, na safari hii mkia wake ulikuwa chini.

Kozi akashuka hadi tawi la karibu. "Dada, mimi nilikufundisha maswali matatu. Hilo la kumwachia mtu njia ya kutokea umelipata wapi?"

"Kwa wanangu," akasema Nungunungu. "Ukimbana mtoto pembeni, atakuuma."

Kozi akasema, "Pale uani mwalimu alilifundisha kila siku, na mimi sikulielewa mpaka leo." Akamwinamia Nungunungu kama wanafunzi wa kule wanavyomwinamia mwalimu wao.

Tangu siku ile, ukimwona nungunungu amekupa mgongo, usiseme hana adabu. Anakujibu swali la kwanza.

Mafunzo ya ngano hii ni kwamba kabla ya kugombana, jijue wewe, mjue mwenzako, ujue na mahali mnaposimama. Na ukishinda, acha mlango wazi, maana aliyeshindwa naye anataka pa kulala.

Ngano yangu hiyo imerudi shimoni kinyumenyume. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nimeze mwenyewe.